Daraja la Mlengaji na Ukweli Wake

Tambarare ya Athi, upande wa Machakos, imezoea milio ya risasi za mazoezi. Wanajeshi wamekuwa wakilenga shabaha Stoni Athi kwa miaka mingi. Hata kabla ya bunduki kufika, Wakamba walisifika kwa ustadi wa upinde, na haikuwa ajabu wakoloni walipowaandikisha kwa wingi katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles). Lakini raia anayefika uwanjani Jumamosi asubuhi na bastola kiunoni, miwani ya kukinga macho na viziba masikio, bado watu hawamwelewi. Wapo wanaodhani ameenda kujifunza ubabe. Mchezo alioingia una kitabu kizima cha sheria, na kosa dogo la mkono humwondoa mashindanoni kabla ya chai ya saa nne.

Mchezo huu wa kulenga shabaha kwa vitendo una mashirika mawili makubwa duniani. La kwanza, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yake ya Kilatini inataja mambo matatu: usahihi, nguvu na kasi. La pili, IDPA, lilianzishwa mwaka 1996 na walengaji walioona kwamba mashindano yalikuwa yameanza kutawaliwa na bastola za bei ghali ambazo hakuna mtu angetembea nazo barabarani. Wao walitaka kupima mtu, wala si mfuko wake. IDPA ndiyo iliyoshika mizizi zaidi Kenya, na uwanja wa Kirigiti kule Kiambu umewahi kupokea mashindano ya bara zima. Naona sababu iko wazi. Mkenya wa kawaida mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, aliipata kwa ajili ya kujilinda. Bastola anayoshindana nayo ndiyo ileile anayoibeba siku za kazi, na IDPA inamtaka aanze ikiwa imefichwa chini ya koti au kizibao, kama anavyoibeba kila siku.

Katika IDPA, alama huhesabiwa kwa sekunde. Shabaha ya kadibodi imegawanywa katika maeneo: la katikati halikupunguzii kitu, linalofuata hukupunguzia alama 1, la nje zaidi 3, na ukikosa kabisa, 5. Kila alama iliyopotea huongezwa kwenye muda wako kama sekunde moja. Ukipiga shabaha iliyochorwa mikono mitupu, yaani mtu asiye na hatia, unaongezewa sekunde 5. Hadi kufikia mwaka 2017 alama moja ilikuwa nusu sekunde tu, na badiliko hilo lilisumbua wengi. Chukua walengaji wawili katika kituo kimoja. Wa kwanza amemaliza kwa sekunde 16.5 akapoteza alama 6. Wa pili amechukua sekunde 20.8 akapoteza 1. Kwa hesabu ya zamani wa kwanza ana 19.5 na wa pili 21.3, basi mwenye haraka ndiye mshindi. Kwa hesabu ya sasa wa kwanza ana 22.5, wa pili 21.8, na ushindi umehama. Mimi naunga mkono badiliko hilo kwa moyo wote. Risasi iliyokosa kadibodi uwanjani huishia kwenye tuta la udongo. Mjini Machakos, siku ya soko, ingeishia kwa mtu.

IPSC hufuata njia nyingine. Alama ulizokusanya hugawanywa kwa muda uliotumia. Alama 80 kwa sekunde 16 ni 5. Alama 72 kwa sekunde 12 ni 6, na huyu wa pili ndiye anayeongoza kituo. Huko kasi hupewa nafasi kubwa zaidi, na mtu anayehama kutoka mchezo mmoja hadi mwingine humbidi aibadili akili yake kwanza.

Kabla ya hesabu yoyote kuna usalama, na hapa hakuna cheo. Uwanja huwa baridi: bastola zote ni tupu, zimo kwenye ala, hadi afisa wa usalama akuite. Anayefika na bastola iliyojaa kutoka nyumbani huitoa risasi kwa maelekezo ya afisa, si kwenye buti la gari wala chini ya mti. Kuna meza maalumu ambapo unaweza kushika bastola yako tupu, uikague au uirekebishe ala, lakini hapo huruhusiwi kugusa risasi hata moja. Ukiitwa mbele unasikia amri kwa mpangilio usiobadilika: pakia ujiandae, uko tayari, subiri. Kisha kipima muda kinalia.

Mtazame mlengaji mzuri sekunde hiyo, umtazame kidole. Mkono unapochomoa bastola, kidole cha shahada kimenyooka juu ya fremu, nje kabisa ya kifyatulio. Kinaingia ndani pale tu macho yanapoiona shabaha. Akianza kukimbilia ukuta wa pili, kidole kimeshatoka. Akibadilisha magazini, kiko nje bado, na mtutu unaelekea mbele hata kama mwili umegeukia pembeni. Afisa wa usalama, ambaye yuko hatua moja nyuma ya bega lake, haangalii shabaha kabisa. Anaangalia kidole hicho na mtutu huo. Mtutu ukivuka pembe inayoruhusiwa, ukiangusha bastola, au ikilia bila kukusudia, mashindano yako yamekwisha siku hiyo. Katika IPSC, bastola ikianguka, mwenyewe haruhusiwi kuinama kuiokota. Afisa ndiye huiinua, akaikagua na kuirudisha ikiwa tupu. Sheria hiyo inatokana na jambo linalojulikana vizuri: mtu anayedaka bastola inayoanguka mara nyingi hukamata kifyatulio.

Sasa tuje kwenye madaraja, kwa maana hapa ndipo mchezo unapomwamini mtu kupita kiasi. IDPA ina madaraja sita, kuanzia chipukizi hadi bingwa mtukufu. Jaribio fupi la kuyapima lina risasi 25, zote kwa umbali wa yadi 10, yaani karibu mita 9. Raundi ya kwanza unachomoa na kufyatua 5 kwa mikono miwili. Ya pili, 5 kwa mkono wenye nguvu peke yake. Ya tatu unaanza na risasi 5, zikiisha unabadilisha magazini na kufyatua 5 nyingine. Ya nne, 4 mwilini na 1 kichwani. Jumlisha muda na alama zilizopotea, na daraja lako limejulikana. IPSC hutumia asilimia ya matokeo ya walio bora: 95 na zaidi ni bingwa mkuu, 85 ni bingwa, 75 ni A, 60 ni B, 40 ni C, na chini ya hapo D.

Lengo ni jema. Mwalimu wa shule wa Kangundo aliyeanza mwaka jana hashindanishwi na polisi aliyefyatua maelfu ya risasi. Kila mmoja anagombea na wa kiwango chake. Lakini jaribio lina udhaifu ambao hakuna kipima muda kinachoweza kuuona. Mtu akitaka kufanya vibaya, atafanya vibaya. Anachelewesha risasi mbili, anaachia moja pembeni, anapewa daraja la chini, kisha anakwenda kwenye mashindano makubwa na kubeba kikombe cha daraja hilo. Ni sawa na mwanafunzi wa chuo kikuu kurudi kufanya mtihani wa shule ya msingi, kisha akasherehekea kuwa wa kwanza. Sheria hujaribu kumdhibiti: ukishinda daraja lako katika mashindano makubwa yenye washiriki wa kutosha, unapandishwa papo hapo, upende usipende. Hata hivyo mwenzake aliyestahili kikombe siku ile ameshakwenda nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana napenda adhabu moja ya IDPA kuliko zote. Kosa la utaratibu huongeza sekunde 3. Lakini mtu akifanya kwa makusudi jambo linalokiuka uungwana wa mchezo ili apate faida, afisa anaweza kumwongezea sekunde 20, kwa kosa la kushindwa kutenda haki. Sekunde 20 zinatosha kuzika mashindano mazima. Michezo mingi huuacha uungwana kwenye hotuba za ufunguzi. Huu umeuwekea bei, tena kubwa kuliko adhabu ya kumpiga asiye na hatia. Adhabu hiyo haipaswi kutolewa ovyo, na maafisa wazuri huitoa kwa nadra sana, kwa sababu ni lazima waone nia, na nia haionekani kirahisi.

Uungwana huo huonekana pia katika mambo madogo. Tundu likigusa mstari kati ya maeneo mawili, mlengaji hupewa alama bora, na panapokuwa na shaka, shaka humfaa yeye. Afisa akiwa amekosea kwa kumpendelea mtu, ni mtu mwenyewe tu anayeweza kusema, "Hapana, afande, hiyo ni tatu." Nimesikia watu wakisema hivyo na kupoteza nafasi zao kwenye jedwali. Nimeona pia waliobandika vibandiko vya kuziba matundu kimyakimya na kuondoka. Wote hao wana leseni ya aina moja mfukoni.

Kwa klabu za Machakos ningependekeza jambo moja lisilogharimu shilingi. Majaribio ya madaraja yafanywe mbele ya wanachama wote, na matokeo ya kila raundi yabandikwe ukutani yakiwa na jina na tarehe, mwaka hadi mwaka. Mtu aliyepiga raundi ya kwanza kwa sekunde 3 mwezi Machi atapata taabu kuzieleza sekunde zake 6 za mwezi Juni, wiki moja kabla ya mashindano. Na anayeondolewa kwa kosa la usalama asifukuzwe uwanjani. Aiweke bastola yake ikiwa tupu kwenye mkoba, abaki na kikosi chake, azibe matundu ya wenzake hadi kituo cha mwisho. Atajifunza zaidi hapo kuliko angejifunza akiwa njiani kurudi nyumbani na hasira, na wenzake watajua kama wanaweza kumwamini atakaporudi mwezi ujao.