Amplifaya za Valvu: Za Kale au za Kisasa?

Kila mara kikosi kinapotengewa fungu la fedha kwa ajili ya vyombo vya muziki, huzuka mjadala ule ule baina ya wapiga magitaa na afisa anayehusika na ununuzi. Wapiga magitaa, ambao wengi wao wamelelewa na santuri za zamani, hutaka amplifaya ya valvu ya miaka ya 1960 au 1970, wakishikilia kwamba sauti ile haijapata kutokea tena. Afisa naye hutazama chombo kipya kilichojaa vifundo na taa, chenye hati ya dhamana, akaona kwamba huko ndiko fedha za umma zitakakokuwa salama. Katika makala haya tumekusudia kuwaeleza wenzetu wa majeshi na polisi jinsi vyombo hivyo vinavyotofautiana, kwani amplifaya ya wati 100 si kitu cha kununuliwa kwa kuvutiwa na jina lililoandikwa usoni pake.

Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kuna kipande cha madini kilichopashwa moto ambacho hutoa elektroni, nazo huvutwa na bamba lenye umeme wa volti nyingi. Kati ya viwili hivyo umewekwa wavu, na mtetemo dhaifu utokao kwenye gitaa ukifika katika wavu huo huamuru mkondo mkubwa kuliko wenyewe. Askari wa mawasiliano wa vizazi vilivyopita waliifahamu vyema, maana redio zao ziliitegemea. Hata mwaka 1976, rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alipotoroka na ndege ya MiG-25 na kutua Hakodate, Japani, wataalamu walioifungua walistaajabu kukuta valvu ndani yake. Transista ilikwisha kuziondoa valvu katika vyombo vingi, lakini wapiga magitaa hawakukubali kuziacha, kwa sababu valvu ikilemewa haiikati sauti ghafla. Huiviringisha, na sikio likapendezwa.

Habari ya amplifaya kubwa haiwezi kusimuliwa bila kumtaja Jim Marshall, mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma aliyekuwa na duka la vyombo huko Hanwell, magharibi mwa London. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walianza kutengeneza amplifaya wakifuata saketi ya Bassman, chombo cha kampuni ya Fender ya Marekani. Haikupita miaka mitatu, Pete Townshend wa bendi ya The Who akadai nguvu zaidi, na hapo ndipo ilipozaliwa ile ya wati 100. Townshend alitaka pia spika nane katika sanduku moja. Wabebaji wa vyombo walilalamika mno hata likagawanywa mawili, lenye spika nne likiwekwa juu ya jingine. Askari yeyote aliyepata kupakia vyombo katika lori usiku wa manane atawaelewa wabebaji wale bila kufafanuliwa.

Wengi hudhani kwamba wati 100 hutoa sauti maradufu ya wati 50. La, hasha. Tofauti yake ni desibeli 3 tu, nayo ni ndogo masikioni. Ili sauti isikike kuwa imeongezeka maradufu, nguvu haina budi kuzidishwa karibu mara kumi. Basi wati nyingi zina faida gani? Faida yake ni usafi. Amplifaya yenye nguvu nyingi hupokea mpigo mkali wa gitaa bila sauti kukwaruza, na hilo ndilo jambo linalotakiwa katika muziki wa dansi, ambamo solo na ridhim husukana kama nyuzi za mkeka na kila uzi lazima uonekane. Bendi za dansi za vikosi tunazozifahamu, kama Polisi Jazz na Mwenge Jazz za nchi jirani ya Tanzania, hazikujenga sifa zao kwa makelele ya roki. Uwanja wa gwaride hauna kuta za kurudisha sauti, na chombo dhaifu huzama humo.

Kwa kazi ya namna hiyo, vyombo viwili vya kale vina sifa kubwa. Cha kwanza ni Twin Reverb ya Fender, iliyotoka mwaka 1963, yenye wati 85, spika mbili na mwangwi wake. Cha pili ni Hiwatt ya Uingereza ya wati 100, ambayo nyaya zake zilipangwa na Harry Joyce, fundi aliyezoea viwango vya kazi za kijeshi. Ukiifungua Hiwatt ya enzi hizo utaona nyaya zimelala kwa mistari kama kikosi kilichokaguliwa na sajini mkali.

Amplifaya za kisasa zilifuata njia nyingine. Huko California, Randall Smith wa Mesa/Boogie aliongeza hatua za kukuzia sauti, moja ikiisukuma nyingine, hata mpigaji akaweza kupata mkwaruzo mnene bila kufungua nguvu zote. Tangu hapo zikaja chaneli nyingi, swichi za mguu na matundu ya kuunganishia vyombo vingine. JVM ya Marshall, iliyotoka mwaka 2007, ina chaneli 4. Hatuzibezi faida hizo. Masikio ya wanamuziki huhifadhika, na chombo kimoja hutosha kwa tafrija ya mesi na kwa mkutano wa hadhara. Lakini bendi ya dansi huitumia chaneli safi peke yake, na zile tatu nyingine zimelipiwa kwa fedha ile ile.

Neno letu kubwa ni juu ya matengenezo. Ndani ya amplifaya ya kale, sehemu zimepangwa kwa nafasi juu ya kibao, nazo huonekana zote. Fundi wa mawasiliano mwenye kipimo cha umeme na chuma cha kulehemu aweza kuibadili rezista iliyoungua hapo hapo kambini. Nyingi za kisasa zimebana mamia ya sehemu katika kibao chembamba, pengine hata soketi za valvu zimelehemewa humo humo, zikikipika kibao siku zote kwa joto lake. Hati ya dhamana haina msaada kwa kikosi kilichoko mpakani, siku mbili kutoka kwa wakala.

Pamoja na hayo, ukale una maradhi yake. Chombo chenye umri wa miaka hamsini huwa na kapasita zilizokauka, na watozaji wa vitu vya kale wamekwisha kupandisha bei kupita kiasi. Amplifaya nyingi zilizouzwa Marekani hupokea umeme wa volti 117 tu. Ukiichomeka katika volti 240 za hapa kwetu, imekwisha. Kadhalika nyingi zilikuja na waya wa ncha mbili, usio na waya wa ardhi, na mpigaji anayeshika nyuzi za gitaa huku midomo yake i karibu na maikrofoni aweza kupoteza maisha.

Valvu zenyewe nazo ni suala la ugavi. RCA ya Marekani iliacha kuzitengeneza mwaka 1976, na viwanda vya Uingereza vikafuata. Siku hizi nyingi hutoka Urusi, Slovakia na China. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 na Urusi ikazuia usafirishaji wa bidhaa kadhaa, valvu ziliadimika kwa muda na bei ikapanda. Marshall ya wati 100 huhitaji valvu 4 za nguvu zinazolingana. Tungependa kila kikosi kinunue seti mbili za akiba siku ile ile ya kununua chombo.

Tukiulizwa, tungechagua chombo kipya kilichotengenezwa kwa saketi ya kale na kuungwa kwa mkono, kama ile modeli 1959 ya Marshall iliyotolewa upya. Cha kale halisi kinunuliwe ikiwa tu transfoma zake ni nzima, kina kiteuzi cha volti, na kikosi kina fundi anayekijua. Fundi huyo akumbuke kwamba kapasita huhifadhi volti 400 na zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo azipunguze kwa rezista na kupima kabla ya kuingiza mkono. Mpigaji asiwashe kamwe kabla spika haijaunganishwa, na namba ya omu iliyochaguliwa ilingane na ya spika, ama sivyo transfoma ya kutolea sauti itaungua. Nao wapakiaji wasubiri robo saa baada ya dansi, valvu zipoe, ndipo lori lianze kutikisika.