Dewback na Upatanisho wa Kiswahili

Katika filamu ya Star Wars ya 1977, askari wa jangwani katika sayari ya kubuni Tatooine ameketi juu ya mnyama mkubwa wa jamii ya mijusi, aliyefugwa ili apandwe. Jina lake, Dewback, limeungwa kwa maneno mawili, umande na mgongo. Je, mfasiri wetu amwiteje? "Mjusi" halifai: msomaji atamwona yule mdogo wa ukutani. Kenge yu karibu zaidi kwa umbo, lakini jina lake limekwisha kuwa tusi.

Mimi ningechagua mgongo-umande. Wako watakaodai kwamba mgongo ni wa ngeli ya m-/mi-, hivyo itupasa kusema "umelala". Sivyo. Kifaru wa porini amelala. Kifaru cha vita ndicho kilicholala. Umbo ni lile lile, uhai ndio uamuao. Basi mgongo-umande amelala, migongo-umande wamelala.

Mtu aweza kuuliza, mbona zimwi, naye ni wa kubuni, hupatanishwa kwa li-? Naona hilo latokana na ukubwa na vitisho, wala si kwa kuwa hayuko duniani. Huyu wa jangwani hubeba tandiko kama punda na ngamia, na upatanisho wake uwe kama wao.