Diski ya seva ikifa, isichomolewe kwa pupa

TANGU Julai 1, 2020, hati za kesi katika mahakama za Nairobi, ikiwemo ya Makadara, huwasilishwa kwa njia ya mtandao. Faili iliyokaa kabatini sasa hukaa kwenye diski, nazo diski hufa.

Ndipo hutumika mpangilio wa RAID, ulioelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 1988. Data husambazwa kwenye diski kadhaa. RAID 5 hustahimili kuharibika kwa diski moja. RAID 6, mbili.

Hatari kubwa huwa mkononi mwa fundi. Katika RAID 5, akichomoa diski iliyo nzima badala ya mbovu, data yote yaweza kupotea. Kwa hivyo hana budi kuhakikisha kwanza kwamba nakala ya akiba ipo na inafunguka, kisha alinganishe nambari inayoonyeshwa na programu na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Taa nyekundu pekee haitoshi.

Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Seva nyingi huruhusu kazi hii bila kuzimwa: diski huvutwa kidogo, husubiriwa ikome kuzunguka, ndipo hutolewa. Kuijaza mpya huchukua saa nyingi, na muda huo wote nyingine zisiguswe.