Bili ya Hospitali Isimuuze Ng'ombe Wako

Mama ameugua usiku. Kufikia asubuhi, grupu ya WhatsApp imefunguliwa na michango inaingia mia mbili, mia mbili. Isipotosha, ng'ombe anauzwa. Mama anapona, lakini maziwa yaliyokuwa yakilipa karo hayapo tena.

Si Kenya pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban watu bilioni 2 hubanwa na gharama za matibabu wanazotoa mfukoni. Thailand ilibadilisha mambo mwaka 2002: mgonjwa akalipa baht 30 kwa kila ziara, nyingine zikatoka kwa kodi. Yaani pesa zilikuwepo kabla ya ugonjwa.

Hapa kwetu, SHA huanzia shilingi 300 kwa mwezi kwa familia. Shida ni kwamba aliyejiajiri hulipa ya mwaka mzima, na hapo wengi hukwama. Sasa fanya hivi: piga *147# ujue kiwango chako, kisha kigawe kwa siku. Kama ni 3,600 kwa mwaka, weka kando shilingi 10 kila siku kwa simu. Hiyo pesa usiiguse!

Bima haitalipa kila kitu, lakini ng'ombe atabaki zizini.