HARAKA AU SUBIRA? TUULIZE MPIRA WA VIKAPU

Wahenga walituachia methali zinazogombana. Walisema, "Haraka haraka haina baraka," kisha wakageuka wakasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Je, timu iliyovunjika ifuate ipi? Hebu tuangalie timu za kulipwa za mpira wa vikapu kule Marekani, katika ligi ya NBA.

Kwanza nieleze jambo moja. Kila mwaka timu hizo huchagua chipukizi wapya. Zile zilizofanya vibaya hupigiwa kura, na kwa miaka mingi iliyoshindwa sana ndiyo iliyokuwa na bahati kubwa ya kuchagua mapema. Nafasi hizo ni mali. Timu yaweza kumpa mwenzake nafasi za miaka ijayo ili ipewe nyota leo. Basi timu mbovu ina njia mbili: inunue nyota sasa hivi, ama ingoje chipukizi wakomae.

Boston Celtics wamejaribu zote mbili. Msimu wa 2006/07 walishinda mechi 24 tu kati ya 82. Lakini walikuwa na nyota mmoja, Paul Pierce, wa miaka 29. Kungoja kungemzeesha bure. Mwaka 2007 meneja Danny Ainge akawatoa chipukizi, akawaleta Ray Allen na Kevin Garnett. Msimu uliofuata walishinda mechi 66 na kutwaa ubingwa wa 2008. Naam, haraka ilikuwa na baraka!

Kufikia 2013 mambo yalikuwa yamegeuka. Garnett alikuwa na miaka 37, Pierce 35. Brooklyn Nets, kwa pupa ya ubingwa, wakawachukua wote wawili. Boston wakapewa nafasi za kwanza za Brooklyn za 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017. Wazee wale waliisaidia Brooklyn kushinda raundi moja tu ya mchujo, mwaka 2014. Msimu wa 2015/16 Brooklyn walishinda mechi 21 pekee, na kila waliposhindwa, Boston ndio waliofaidika! Nafasi hizo ziliwapatia Boston Jaylen Brown na Jayson Tatum. Hawa wawili waliongoza timu hadi ubingwa wa 2024, miaka 11 baada ya biashara ile.

Basi tukae tu tungoje? La hasha! Philadelphia 76ers walianza kungoja mwaka 2013, wakakubali kushindwa ili wachague mapema. Misimu mitatu walishinda mechi 19, halafu 18, halafu 10. Ni kweli walimpata Joel Embiid wa Cameroon, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Lakini meneja wao, Sam Hinkie, alijiuzulu 2016 kabla ya kuonja matunda, na hadi msimu wa 2024/25 ulipokwisha timu ilikuwa haijafika hata fainali ya kanda yake. Ligi yenyewe ilibadilisha kura mwaka 2019, timu tatu za mwisho zikawa na bahati sawa.

Tofauti ni nini? Boston walingoja huku wakilima. Chini ya kocha Brad Stevens walirudi kwenye mchujo mwaka 2015, kwa hivyo Brown na Tatum walipofika walikuta watu waliozoea kushinda. Kushindwa nako ni mazoea, na mazoea yana taabu.

Kwa hivyo methali zetu hazigombani. Kila moja ina msimu wake. Embe likiiva lichume upesi, lisije likaoza. Likiwa bichi, mwagilia mti.

Hata hapa shuleni, kila kidato cha nne kinapomaliza, timu zetu huvunjika. Sisi hutaka kombe papo hapo, na wadogo wa kidato cha kwanza wanakalishwa benchi mwaka mzima. Sasa wakubwa wakiondoka, nani atacheza? Mwalimu wa michezo asinikasirikie, lakini wadogo hao wapewe angalau dakika kumi kila mechi.