Mashindano ya baiskeli: Ukianguka, nani atakubeba?

WATU wa mpakani hawahitaji kufundishwa baiskeli. Jina lenyewe la boda boda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, vijana walipokuwa wakibeba wasafiri na mizigo yao kati ya vituo viwili vya mpaka, cha Kenya na cha Uganda.

Lakini kubeba gunia ni jambo moja na kushindana ni jambo jingine. Mimi niliujua ukweli huo nikiwa nimelala kando ya barabara ya Tirinyi, mkono wa kushoto haunyanyuki.

Niliporudi nyumbani Jinja baada ya miaka tisa ya kibarua Nairobi, nilikuja na mtaji mdogo wa biashara ya viatu na baiskeli moja ya mashindano, ya mtumba. Katikati ya wiki nilikuwa nikienda Busia kuchukua mzigo. Jumapili nilifanya mazoezi na vijana wa mtaani hadi Kakira na kurudi.

Siku moja tukakubaliana tushindane kutoka Jinja hadi Mbale, mwendo wa kilomita 145 hivi. Tulikuwa watu 18. Wachache tulikuwa na baiskeli za gia. Wengine walipanda zile nyeusi za chuma ambazo siku nyingine hubeba ndizi na mikate. Kila mmoja alitoa ada kidogo, na mshindi angepata jozi ya matairi mapya.

Hapakuwa na polisi wa kuzuia magari, gari la wagonjwa wala bima. Helmeti zilikuwa tano tu.

Niliogopa zaidi kipande cha kwanza, hadi Iganga. Hiyo ndiyo njia ya malori yanayotoka Malaba na Busia, pamoja na matrela ya miwa. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta kuelekea kwenye magurudumu yake. Ukiwa umeshika usukani kwa mkono mmoja, umekwisha.

Hapo tulipita salama. Tulipofika Nakalama tukakata kushoto kuingia barabara ya Tirinyi. Malori yakapungua, nasi tukaongeza kasi.

Tulifuatana gurudumu kwa gurudumu ili wa mbele atukinge na upepo. Mbinu hiyo huokoa nguvu nyingi, lakini anayefuata haoni shimo wala mnyama, anaona mgongo wa mwenzake tu. Isitoshe, tulikuwa na njaa. Mwili ukipiga pedali kwa saa mbili bila chakula, akiba yake ya sukari hupungua na akili huchelewa kuamua.

Karibu na mashamba ya mpunga, mbuzi alikatiza barabara. Kijana aliyekuwa mbele yangu alifunga breki ghafla, nikamgonga kwa nyuma.

Nilinyoosha mkono ili nijizuie. Hivyo ndivyo mtulinga unavyoweza kuvunjika: kishindo huingia kwenye kiganja, hupanda mkono mzima na kuishia begani. Mwenzangu, ambaye hakuwa na helmeti, alipasuka juu ya jicho.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi alitoa leso yake, akanifunga mkono. Tulikaa pale karibu saa nzima hadi pikapu ya mchele ilipokubali kutupeleka Mbale. Nauli ilitoka kwenye fedha za zawadi.

"Mwanangu, hayo matairi mawili ndiyo yaliyokupeleka huko?" mama yangu aliniuliza niliporudi. Sikuwa na jibu.

Maumivu yalipungua baada ya siku chache. Hasara ndiyo iliyobaki. Kwa wiki sita sikuweza kunyanyua mzigo. Mtaji uliliwa na picha ya eksirei, dawa na chakula, na wateja wangu wakapata muuzaji mwingine.

Mwenzangu aliumia zaidi. Alishonwa akapona, lakini baiskeli ile ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kusambaza mikate. Ilimbidi akodi nyingine, na sehemu kubwa ya alichopata ikaenda kwa mwenye baiskeli. Tulichanga tukamnunulia gurudumu jipya, lakini ilichukua miezi miwili.

Msomaji asidhani ajali hizi huwapata wanagenzi peke yao. Mkenya Suleiman Kangangi, aliyekuwa mwendeshaji wa kulipwa, alianguka akafariki Agosti 27, 2022 katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Kabla yake, Andrei Kivilev wa Kazakhstan alifariki Machi 2003 baada ya kuanguka nchini Ufaransa bila helmeti. Mwaka huohuo chama cha kimataifa cha mchezo huo kikafanya helmeti kuwa lazima. Ikiwa mabingwa wanaolipwa wamelazimishwa kuivaa, sisi tunaokimbilia matairi mawili tunajivunia nini?

Kwa wenzangu wanaouza mitumba, nina neno moja. Helmeti iliyowahi kupigwa kwa nguvu inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa nje, na haitamkinga mtu mara ya pili. Usimuuzie kijana wa mwenzako.

Bado tunaendesha. Siku hizi hatuanzi mashindano kabla ya kupata pikapu ya kutufuata nyuma, na asiye na helmeti hapangwi kwenye mstari. Robo ya ada huwekwa kando kwa ajili ya atakayeumia, na njiani kila mtu hubeba maji na ndizi.

Vijana wengine walilalamika kwamba zawadi imepungua. Yule wa mikate, mwenye kovu juu ya jicho, ndiye anayewajibu. Akishasema, hakuna anayebisha.