CHUCHU YA MPIRA: MTOTO APEWE AU ASIPEWE?

Siku hizi ni nadra mzazi kutoka arubaini pasi na nyumba kuingia ubishi juu ya kitu kidogo kisichozidi kidole gumba: ile chuchu ya mpira anayotiwa mtoto mdomoni ili anyamaze. Wengine huiita nyonyo, na wengine dami kwa kuwaiga Waingereza. Wifi mtu huja nayo katika zawadi, imefungwa pamoja na soksi na kofia. Mavyaa akiiona huguna. Mume akirudi kazini usiku na kukuta mtoto analia, husema apewe tu, watu walale. Na mzazi mwenyewe, ambaye ndiye mwenye titi na ndiye aliyeibiwa usingizi, huulizwa mwisho.

Ubishi huu utausikia Likoni, utausikia Kisauni na Changamwe, na kila upande una haki yake kidogo. Leo tungependa kulitazama jambo lenyewe kwa makini, kwani si jambo la urembo kama wengi wanavyodhani. Linagusa maziwa ya mama, maji ya nyumba, na saa za kazi.

ZAMANI ILIKUWAJE

Wazee wetu hawakuwa na mpira, lakini isidhaniwe kwamba walikosa hila za kumtuliza mtoto. Alilazwa begani, akafungwa kwa leso mgongoni, akaimbiwa, akatembezwa uani mpaka usingizi ukamchukua. Nyanya hakuona haya kumpa titi lake kavu. Na jirani mwenye mtoto mchanga alimpa ziwa mtoto wa mwenziwe, mama mtu akiwa kisimani au sokoni.

Hapo penye ziwa la jirani ndipo palipokuwa na mambo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, mtoto aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwana wa yule aliyemnyonyesha, na watoto wa mama huyo huwa ndugu zake ambao hawezi kuwaoa. Ndiyo sababu vikongwe wa mtaa walikuwa kama daftari: posa ikija, huulizwa kwanza nani alinyonya kwa nani. Hata lile titi kavu la nyanya si la kupuuzwa, maana ziwa likinyonywa siku nyingi huweza kurudisha maziwa, na hapo waulizwe masheikh. Chuchu ya mpira haileti udugu wala haivunji posa ya mtu. Hilo tuliseme kwa upande wake.

Huko Ulaya nako watoto walitulizwa kwa kitambaa kilichofungiwa sukari ndani yake, wakakifyonza. Chuchu yenye umbo hili tunalolijua, yaani mpira, ngao na pete nyuma yake, ilisajiliwa Marekani mwaka 1900 na mwuza dawa mmoja wa New York, Christian Meinecke. Basi ina miaka zaidi ya 120, na ubishi wake karibu una umri huohuo.

SIKU ARUBAINI ZA KWANZA

Ugomvi mkubwa wa waganga na chuchu hii ni siku za mwanzo. Maziwa ya mama si kama maji ya pipa, kwamba yakichotwa hupungua. Ni kinyume chake: ziwa linalonyonywa ndilo linalojaa, na lisiloguswa hulegea likaacha kutengeneza. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku moja, mchana na usiku, na kila anaponyonya ndipo mwili wa mama unapopata habari kwamba kuna mlaji.

Tena mtoto haanzi kwa kulia. Kwanza hugeuza kichwa huku na huku, hulamba midomo, hujitia vidole kinywani. Kilio ni dalili ya mwisho. Akiwa amezibwa kwa mpira, dalili zile za kwanza hazionekani. Hufyonza hewa, akachoka, akalala na njaa yake, na watu wa nyumba wakamsifu kwamba mtoto huyu ni mpole. Upole wa namna hiyo hujulikana kwenye mizani ya kliniki. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza baada ya kuzaliwa, lakini hutarajiwa kufikia wiki ya pili amerudi kwenye uzito aliozaliwa nao. Asiporudi, jambo la kwanza la kuulizwa ni ananyonya mara ngapi.

Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani na UNICEF, walipotoa hatua kumi za kusaidia kunyonyesha mwaka 1989, hatua ya tisa iliwakataza wakunga na hospitali kuwapa watoto wanaonyonya chuchu za bandia za namna yoyote. Mwaka 2018 maneno yale yalilegezwa: sasa mama ashauriwe na aelezwe hatari zake. Kulegeza huko hakukuja bure. Utafiti uliofanywa Argentina na kutangazwa mwaka 2009, juu ya kina mama zaidi ya 1,000 waliokuwa wamekusudia kunyonyesha, ulionyesha kwamba kumpa mtoto chuchu baada ya maziwa kushika vizuri hakukupunguza kunyonya kwake katika miezi ya mwanzo. Lakini tutazame maneno yenyewe: waliokuwa wamekusudia, na baada ya maziwa kushika. Ukiyaondoa hayo mawili, utafiti huo haukutetei.

Madaktari wa watoto wa Marekani nao husema mtoto anayenyonya asubiri mpaka kunyonya kumekaa sawa, yaani kiasi cha wiki tatu au nne. Sisi tunayo arubaini, ambayo ni ndefu zaidi. Mzazi yumo ndani, anakandwa, analishwa, hana safari. Ikiwa kuna wakati wa kumwacha mtoto na ziwa peke yake, ni huo. Mavyaa anayeguna siku ya kumi anaguna kwa haki.

Wapo watoto wasioingia katika hukumu hii, nao ni wale waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, wanaolishwa kwa mpira mwembamba hospitalini. Hao hupewa chuchu na wauguzi wenyewe ili wajifunze kufyonza, nayo huwasaidia kurudi nyumbani mapema. Mama asije akashtuka.

MASHAKA YA MAJI

Vitabu vya Ulaya husema chuchu ichemshwe, kisha hugeuza ukurasa. Huku kwetu ukurasa hapo haugeuki. Nyumba ngapi za Mtongwe, Mshomoroni au Chaani zina bomba lisilokatika? Maji huja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, au huchotwa kisimani yakiwa na chumvi, na mtungi ulionunuliwa una kazi nyingi za kungojea kabla ya chuchu kufikiriwa. Makaa na gesi navyo si bure. Na chuchu haianguki mara moja kwa siku. Huanguka mchangani, huanguka ndani ya matatu, huanguka kwenye feri, na mara nyingi huokotwa, ikapanguswa kwa ncha ya leso au kulambwa na mwenye kumbeba, ikarudi kinywani. Mji wetu umepata kuonja kipindupindu mara kadhaa, na kuhara bado ni adui mkubwa wa watoto wadogo.

Kwa maoni yangu hili ndilo swali la kwanza kwa mtu wa pande zetu, kabla ya meno na kabla ya usingizi. Nyumba isiyo na uhakika wa kuchemsha kila siku, na isiyoweza kuwa na chuchu ya pili ya akiba ndani ya chombo chenye kifuniko, isianze. Titi la mama halihitaji kuchemshwa.

Kuna na mambo matatu ambayo ni ya kwetu hasa. La kwanza ni asali. Tunajua utukufu wake katika dini na katika tiba, na wengi huona ni heri kuichovya chuchu ndani yake. Lakini asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka haliwezi kushindana navyo, vikamlegeza viungo hata pumzi. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Sunna ya tahniki ni tende, tena kidogo, mara moja, na si kuchovya usiku kucha. La pili ni sukari, ambayo huoza meno hata kabla hayajakamilika kutoka. La tatu ni uzi. Mtoto ambaye shingoni pana hirizi huongezewa utepe wa kuning'inizia chuchu. Akilala, utepe huo huweza kumkaba. Chuchu yenyewe iwe ya kipande kimoja, ngao yake iwe pana kuliko kinywa cha mtoto, na kila asubuhi ivutwe kwa nguvu. Ikionyesha ufa itupwe.

KAZI NAYO

Tusijifanye kama kila mama yumo nyumbani. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Hayo ni ya mwenye barua ya kazi. Mshonaji wa kibarua katika viwanda vya nguo vya Changamwe, au mama anayevuka Likoni alfajiri na sinia la viazi, hana wa kumdai.

Mtoto wake hubaki na yaya au nyanya, na hapo chuchu hugeuka. Mikononi mwa mama ilikuwa kitulizo. Mikononi mwa aliyechoka huwa njia ya kusogeza saa ya chakula. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 uliona kwamba katika watoto wa Kenya wasiotimiza miezi sita, asilimia 60 walinyonya maziwa ya mama tu. Mwaka 2008 na 2009 walikuwa asilimia 32. Hatua hiyo kubwa isirudishwe nyuma na kipande cha mpira. Afadhali mama akamue kabla ya kutoka, maziwa yakae katika chombo safi mahali pa baridi, mtoto anyweshwe kwa kikombe na kijiko, na mwangalizi aagizwe: ziwa kwanza, chuchu baadaye.

USINGIZI, MASIKIO NA MENO

Upande wa pili nao usikilizwe. Tangu mwaka 2005 madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakisema kwamba mtoto anayelala na chuchu huelekea kuepukana zaidi na kile kifo cha ghafla cha usingizini kiwapatacho watoto wa chini ya mwaka. Si jambo la kudharau. Lakini wao wenyewe huanza na mengine: alazwe chali, mahali pagumu, pasipo mito wala moshi wa sigara. Chuchu ikimtoka akiwa amelala asirudishiwe, na akiikataa asilazimishwe.

Baada ya miezi sita faida hupungua na hasara huongezeka. Utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 2000 uliona kwamba wazazi walioshauriwa kupunguza chuchu baada ya umri huo, watoto wao walipungukiwa na maradhi ya masikio kwa karibu thuluthi moja. Akipita miaka miwili nayo, meno ya mbele huanza kuachana, ya juu hayakutani na ya chini.

SHAURI NI LA WAWILI

Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, inataja pia kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Chuchu si kuachisha ziwa, lakini adabu hiyo ya kushauriana yafaa hapa pia. Mume anayesema apewe tu na aseme vilevile nani atachemsha. Akiamka yeye saa nane za usiku kumbeba mtoto nusu saa, huenda haja ya chuchu ikaondoka yenyewe, maana mara nyingi anayelia hana chango wala njaa, anataka kubebwa.

Kama wameafikiana apewe, basi iwe baada ya arubaini, wakati wa kulala tu, baada ya kunyonya, na ianze kupunguzwa kabla hajatimiza mwaka. Kuiachisha hakuhitaji shubiri kama ziwa. Huondolewa kwanza mchana, kisha safarini, kisha usiku, na siku chache za kilio zikapita. Akiachwa nayo hadi umri wa kwenda chuoni, kazi itakuwa ya mwalimu, ambaye hawezi kumsomesha herufi mtoto mwenye mpira baina ya meno.